Miji Miwili kwenye Kompyuta ya Kalasinga

Darasa la tatu lilinishinda kwa sababu ya ndege. Watu wakisikia hivyo hudhani ninatania, lakini ndiyo kweli yenyewe. Kwetu, bonde la Ruzizi, mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wadogo wenye midomo myekundu hushuka kwa maelfu, na mtoto yeyote mwenye mikono miwili huondolewa shuleni. Nilipewa kombeo na ndoo ya madonge ya udongo, nikapandishwa juu ya kichanja, nikakaa huko majuma matano nikipiga kelele mpaka sauti ikawa ya mzee. Mama aliniletea ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa kwetu, wa kukaanga, nikala nikiwa nimesimama, maana ukikaa tu ndege wanajua.

Niliporudi darasani wenzangu walikuwa wameshajifunza kugawanya. Mwalimu akaandika hesabu ubaoni, akaniita. Mimi nilijua kuongeza, nilijua kupunguza, kuzidisha nilikuwa nakisia. Nikasimama pale na chaki nikapunguza. Mwalimu akacheka, darasa likacheka, nikala fimbo tatu. Msimu uliofuata ndege waliporudi, mimi sikujisumbua kurudi shuleni. Baba hakuona hasara yoyote. "Kuongeza na kupunguza kunakutosha," alisema. "Kugawanya atakufundisha mkeo, siku ya chakula kidogo chunguni."

Na kweli, au tuseme alinifanyia. Nilikuwa nauza chumvi na sabuni sokoni Uvira, na mke wangu alikaa pembeni yangu kwenye kigoda. Mteja akitaka robo ya kipande, au nusu ya robo, bei ilitoka kinywani mwake kabla sijafungua changu. Alifia kambini, upande wa Kigoma, kwa kikohozi kilichoanza kama mchezo. Hayo sitayasimulia hapa. Ninamtaja kwa sababu alinifanyia hesabu maisha yake yote, na kwa sababu kaka yake, shemeji yangu, ndiye mwenye habari hii.

Tulifika Birmingham miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, mimi nikitangulia, yeye akifuata miezi michache baadaye. Yeye walimpa nyumba Castle Vale, akapata kazi kwenye kiwanda cha keki, kuzitia kwenye maboksi. Mimi nilipata kazi Hockley, mtaa wa masonara, kwa sonara mmoja mzaliwa wa Kisumu, Singasinga mwenye kilemba cha buluu. Mwenyewe alijiita Kalasinga, kama walivyomwita kwao Kenya, na mimi nikamwita hivyo hivyo, tukazoeana.

Kazi yangu ilikuwa kufagia. Usicheke. Kufagia karakana ya sonara si kufagia kanisa. Vumbi la pale lina dhahabu, kwa hiyo halitupwi, linatiwa kwenye pipa lenye kifuniko na kupelekwa kuyeyushwa. Hata maji ya kunawia mikono hayamwagwi. Kalasinga aliniambia siku ya kwanza, "Mzee, hapa hapana tupa kitu. Hata ukipiga chafya, piga ndani ya karakana."

Sasa, shemeji. Alikuwa na watoto wanne. Wawili waliuawa siku moja, nyumbani, mbele ya mama yao. Wa tatu aliuawa njiani tulipokuwa tukikimbia. Akabaki binti mmoja, wa mwisho, aliyekuwa bado kambini na watoto wake wadogo wawili, mume naye alishapotea. Shemeji alikuwa na picha yake moja tu, na kila Jumatano, siku yake ya mapumziko, alipanda basi kuja kunitembelea karakanani, akakaa kwenye stuli karibu na mlango, tukaongea huku nikifagia. Kalasinga hakukataa. Alisema shemeji ni mtu mzuri kwa sababu haburuti miguu yake huku na huku kwenye vumbi.

Jumatano moja alikuja hajafunga vifungo vya koti.

"Shemeji," akasema, "mtoto amenibipu. Nimempigia. Wamemwita ofisini kule kambini. Ni Amerika."

Nilitupa ufagio nikampa mkono. Hakuushika.

"Ngoja. Wamemwuliza, una ndugu wapi Amerika? Kuna mdogo wangu, unamjua. Na kuna binamu wa mumewe. Miji miwili mbalimbali. Anatakiwa ataje mmoja, na huko ndiko watakakompeleka. Amepewa mwezi mmoja. Ameniambia, baba, wewe uko Ulaya, wewe unajua mambo ya Wazungu. Sema, mimi nitaandika."

"Na wewe unajua?"

"Mimi najua keki."

Mdogo wake alikuwa kwenye mji mkubwa ulio kando ya ziwa, kaskazini, kwenye baridi. Binamu alikuwa kwenye mji mdogo zaidi, kusini, ulio kando ya mto. Majina ya miji hiyo siyataji, maana kuna watu wetu wanaishi huko hata leo na sitaki kuwatia hofu. Nitasema mji wa ziwa na mji wa mto. Kanisani kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema mji wa ziwa risasi zinanyesha. Mwingine alisema mji wa mto ndiko wanakouana kama kuku. Hakuna aliyewahi kufika. Shemeji hakulala siku tatu. Nilimwona macho yake. Alikuwa ameshazika watatu, au tuseme hakuwazika, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, na sasa aliambiwa achague kwa mdomo wake mahali pa kumpeleka wa nne.

Ni Kalasinga aliyesema, "Kwa nini nyinyi nauliza watu wa kanisa? Uliza kompyuta."

Alikuwa nayo ofisini kwake, kubwa kama sanduku la nguo, ya kuangalia bei ya dhahabu kila asubuhi. Akatafuta, akakuta. Orodha ya miji ya Amerika, na mbele ya kila mji idadi ya watu waliouawa, mwaka huu, mwaka jana, mwaka juzi, kurudi nyuma.

Sitaficha, nilishangaa kuliko nilivyoogopa. Nchi inayohesabu watu wake waliouawa, mwaka kwa mwaka, halafu inabandika hadharani, hata mzee wa Uvira akiwa Hockley anaweza kusoma! Kwetu hakuna aliyehesabu. Sisi tulihesabu kwa nyumba. Kwa fulani watatu, kwa fulani wote, kwa fulani amebaki bibi. Ukitaka jumla, muulize Mungu.

Shemeji alivaa miwani, akasogea. Akasoma mistari yote kwa kidole. Halafu akauliza, "Wapi wanaandika nani anaua nani?"

"Hapana andika hivyo," Kalasinga akajibu. "Ni namba tu."

"Upande gani na upande gani?"

"Hapana upande, baba."

"Sasa watu watajuaje wakimbilie wapi?"

Kalasinga akawasha birika.

Tulilinganisha. Mji wa ziwa ulikuwa na mamia. Mji wa mto ulikuwa na makumi. Mimi na shemeji tukatazamana. Kupunguza najua, kwa hiyo nikapunguza kichwani, na tofauti ikawa kubwa, kijiji kizima. "Imeisha," nikasema. "Aende mtoni."

"Wewe mzee, kaa chini," Kalasinga akasema. "Mimi nauliza. Nikikupa gramu mbili ya dhahabu ndani ya pete, na gramu mbili ya dhahabu ndani ya pipa la vumbi lako, ni sawa?"

"Dhahabu ni dhahabu."

"Haya, vaa pipa."

Shemeji alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya vifungo. Ndipo Kalasinga akatoa kikokotoo chake cha kupigia bei ya dhahabu, akatuonyesha. Mji wa ziwa una watu wengi mno, mji wa mto una watu wachache. Wanagawanya, waliouawa kwa walio hai, wapate wangapi kwa kila watu laki moja. Akabonyeza, akabonyeza tena. Miji ile miwili ikatoka karibu sawa. Nilihisi fimbo tatu za mwalimu kwenye makalio, mtu mzima mwenye mvi.

Shemeji alikunja uso. "Kwa hiyo ni sawa tu. Nimetoka Castle Vale na basi mbili kuja kuambiwa ni sawa."

"Hapana. Mji si kitu kimoja," Kalasinga akasema. "Wewe nakaa Birmingham, lakini si Birmingham yote nakaa. Tafuta mtaa."

Ilichukua Jumatano mbili. Mdogo wake tulimpigia simu kwa kadi, akatutajia mtaa wake. Binamu naye akautaja wake. Kalasinga alikuta kurasa za mitaa, kila mji na za kwake, na alichapisha zote, tukazitandaza juu ya meza ya ofisi, tukazizuia kwa mizani ndogo zisipeperuke. Ninaziona mpaka sasa. Mtaa wa binamu, mji wa mto, ulikuwa na namba ndogo. Mwaka jana ndogo, mwaka juzi ndogo, nyuma ya hapo ndogo. Haipandi haishuki. Mtaa wa mdogo wake, mji wa ziwa, ulikuwa unatisha. Miaka minne mfululizo namba ilikuwa juu, juu kuliko karibu mitaa yote ya mji ule. Halafu mwaka uliopita ikaanguka, nusu yake.

Mtu yeyote aliyesoma shule angesema, mtoni, kwenye namba ndogo. Kalasinga ndivyo alivyosema. Aliweka kidole pale na kusema, "Hapa. Mwisho."

Mimi ndiye niliyesema hapana.

Niandike kwa nini, ingawa hakuna anayeniuliza. Wakati wa vita, tulipokuwa tukikimbia, mimi, mke wangu na shemeji na waliobaki wake, tulikuwa na ujuzi mmoja. Hatukulala kwenye kijiji kizima. Mgeni angeona kijiji kina mapaa, kina kuku, kina moshi wa jikoni, angekimbilia humo. Sisi tulipita. Tulilala kwenye kijiji kilichokwisha kuungua, juu ya majivu, kwa maana wenye bunduki walishapita pale. Wamekula mbuzi, wamebeba magodoro, hawana la kurudia. Kijiji kizima ndicho kinachongojewa. Tulipona hivyo mara mbili, na mara ya pili tulilala majivuni tukasikia wakiingia kijiji kizuri tulichokikataa, ng'ambo ya kilima. Mtu akishaokolewa na kitu namna hiyo, hukitia mfukoni akatembea nacho dunia nzima.

Basi nikatazama karatasi zile nikaona majivu. Nikamwambia shemeji, "Angalia hapa. Miaka minne wameua, halafu nusu. Unaona? Wameshapita."

Akatazama. Akapeleka kidole kwenye karatasi ya pili. "Na huku kwa binamu?"

"Huku bado hawajafika."

Akavua miwani. "Ndivyo ninavyoona na mimi."

Kalasinga alisimama kabisa. "Nyinyi wazee wote wawili, wazimu! Hii si jeshi. Jeshi inapita. Hawa watu nakaa hapo hapo. Mama yao nakaa hapo, kitanda yao iko hapo. Watapita kwenda wapi?"

Na mimi, kwa ulimi huu, nikamjibu, "Bwana, wewe umewahi kukimbia nini? Umekuja hapa na ndege, umevaa koti."

Akakaa. "Sawa," akasema. "Mimi nimekuja na ndege."

Akarudi kwenye benchi lake akawasha moto wake mdogo. Labda shemeji alitaka kusikia hivyo tangu mwanzo, maana mdogo wake ni damu na binamu ni watu wa ukweni tu. Sijui. Nimejaribu kujisaidia na wazo hilo miaka mingi, halinisaidii. Jioni ile alimpigia binti, akamwambia, "Andika kwa baba mdogo." Nilikuwa pale. Nilisikia sauti yake ndogo kwenye simu ikisema, "Asante, baba. Hata mimi nilitaka huko."

Walienda. Ilichukua karibu mwaka, na vipimo, na sindano, lakini walienda. Shemeji alinenepa. Binti alipata kazi ya kufua mashuka ya hoteli, watoto wakaingia shule, wakaanza kumjibu babu yao kwa Kiingereza, na yeye akawa anawajibu kwa Kiingereza cha kiwanda cha keki. Kila Jumatano alinieleza habari za theluji ya kule. Alisema ya kwao ni theluji kweli, yetu ya Birmingham ni unga uliomwagika. Nilijisifu, sitaki kusema uongo. Nilimwambia Kalasinga mara mbili, tatu, "Umeona?" Naye alitikisa kilemba tu.

Binti alipigwa risasi saa kumi ya jioni, jua bado lipo, akitoka kwenye duka la mashine za kufulia na kikapu cha nguo za watoto. Risasi haikuwa yake. Watu walikuwa wakitafutana kwa magari, yeye alikuwa katikati. Mdogo wa shemeji alinipigia mimi kwanza, akaniambia nimwambie.

Nilimwambia jikoni kwake, Castle Vale. Alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya mpaka vilipokwisha, vyote, mfuko mzima, kisha akauliza kama nguo zilipatikana. Nikasema sijui. Mpaka leo sijui kwa nini aliuliza, wala sijui kama zilipatikana.

Tulifanya matanga bila mwili, kwenye ukumbi wa kanisa. Tuliweka ile picha juu ya meza na kitambaa cheupe. Watu wetu walikuja kutoka kila upande, hata wa Digbeth waliokuwa na kanisa lao kwenye ghala wakafunga wakaja. Kalasinga alikuja na suti, akakaa nyuma, akala wali kwa heshima. Nilikuwa nangoja shemeji anitukane mbele za watu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua hata maneno ambayo angetumia. Alinipa sahani ya chakula, akaniambia nile.

Akaendelea kuja Jumatano. Alikaa kwenye stuli yake, hatukuongea sana. Alichouliza ni kimoja tu, na hakuniuliza mimi, alimwuliza Kalasinga.

"Wametoa ya mwaka huu?"

"Bado, baba. Mwaka haijaisha."

Wiki nyingine tena. "Wametoa?"

"Bado."

Nilidhani anatafuta ushahidi. Nilidhani siku moja namba ile itapanda juu kama zamani, naye ataishika ile karatasi anigeukie, aseme, majivu yako haya hapa. Nilikuwa nalala na jambo hilo. Ukweli ni kwamba nililitaka litokee. Mtu akitukanwa anajua mahali alipo.

Januari ikaja, baridi ya kukata masikio. Jumatano ya tatu au ya nne, Kalasinga alimwona tu akiingia akasema, "Leo ipo," kwa sauti ya mtu anayemtolea mgonjwa majibu. Tukaingia ofisini wote watatu. Akafungua ukurasa. Shemeji akavaa miwani, akatafuta mtaa kwa kidole, akaupata. Akasogeza kidole kwenye mwaka wa nyuma, halafu kwenye mwaka ule, halafu nyuma tena.

"Imeshuka," akasema.

Kalasinga akaangalia. "Ndiyo. Imeshuka."

"Kuliko mwaka jana."

"Kidogo, baba. Ndiyo."

"Na yeye yumo humu?"

Kalasinga hakuelewa. Akanitazama mimi. Nikamwambia, anauliza kama mtoto wake yumo ndani ya hii namba.

"Yumo," Kalasinga akasema. "Lazima yumo. Wote wanahesabu."

Shemeji aliacha kidole pale pale. Kilikuwa kinafunika namba yote, mtu asingeweza kuisoma. Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema shemeji, nilikosea, niliyaona majivu, lile neno lilikuwa langu si lako. Maneno yalikuwapo yote, kwa mpangilio. Yeye akavua miwani, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja mpaka shingoni. Akamwambia Kalasinga asante. Akapita kati ya mabenchi, akafungua mlango, akaenda.

Nilitoka mpaka kwenye ngazi. Alikuwa ameshavuka barabara, hakuelekea kituo cha basi. Alitembea kuteremka kilima, kwa mwendo wake wa kawaida, akakata kona. Jumatano iliyofuata hakuja. Nyumbani kwake Castle Vale jirani alisema ameacha ufunguo. Mdogo wake kule Amerika hakumsikia, wala kambini, wala Uvira. Sikumwona tena.